Mashimo ya Njia ya Zahanati

Wanangu mnaoanza kazi ya kupanda miti mitaani, mtu akiwaambia kwamba hii ni kazi ya utulivu, jueni kwamba hajawahi kuchimba shimo mbele ya nyumba ya mtu mwenye hofu. Mimi nimechimba. Nilifanya kazi ya bustani Diani, katika hoteli moja ya ufuoni, tangu nilipokuwa na nguvu za kubeba ndoo mbili hadi magoti yaliponikatalia hata moja. Nimeumwa na siafu, nimeangukiwa na kuti kavu, nimekimbizwa na kima kwa sababu ya ndizi ambayo wala sikuwa nayo. Hayo nikiyasimulia hucheka mwenyewe. Liko jambo moja tu ambalo sijawahi kulicheka mpaka leo, nalo halikutokea hotelini. Lilitokea mtaani kwetu, katika kazi tuliyoifanya kwa kujitolea, kwa nia njema kabisa.

Mtaa wetu unaitwa Chokaa, nyuma ya Ukunda, ukiiacha lami na kuingia ndani. Wazee walikuwa wakichoma matumbawe hapo wapate chokaa ya kujengea, ndiyo maana ardhi yake ni mawe juu ya mawe, na kiangazi vumbi lake ni jeupe kama unga. Wakati ule wa mwisho wa miaka ya tisini tulikaa humo sisi Wadigo wenye mji pamoja na watu wa bara waliokuja kufuata kazi za hoteli, wengine wamepanga, wengine wamenunua viwanja wakajenga. Jirani yangu wa karibu alikuwa mmoja wao, Mkamba aitwaye Mutiso. Mimi nilimwita Baba Mumbua, kwa jina la binti yake, naye akiniita Mama Bakari, kwa jina la mwanangu mkubwa.

Huyo Mutiso ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mkuu wa bustani pale hotelini, mtu mrefu, mwenye maneno machache, na alipenda kukuacha ukosee kwanza. Siku zangu za mwanzo alinipa mbegu za mbambakofi, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, akaniambia nizipande. Nikazifukia, nikazimwagilia asubuhi na jioni, wiki zikapita, ardhi imenyamaza. Yeye ananipita tu na kunisalimia. Nilipokata tamaa ndipo alipochukua mbegu moja akaisugua kwenye ngazi ya saruji mpaka ganda likachubuka na weupe wa ndani ukaonekana, akailoweka, na siku chache baadaye ikachipua. Akasema mbegu ile ni kama mlango wa Mswahili, ukikaa nje bila kubisha hutafunguliwa.

Kwa mkilifi, huo wengine wauitao mwarobaini, mambo ni kinyume, nanyi mlishike hili. Mbegu ya mkilifi haingojwi. Mimi niliwahi kuweka mkebe mzima wa mbegu zake nikisubiri mvua, nikaja kupanda mkebe mzima wa maiti. Iokote leo, ipande kesho. Na mkitoa mche kitaluni, vueni mfuko wa nailoni kabla hamjauweka shimoni. Msicheke. Ustadhi wetu wa madrasa, mtu msomi wa kusifika, alipanda mche pamoja na mfuko wake, akauombea dua kila Ijumaa, na mche ukabaki vilevile kama mfungwa. Tulipoufukua, mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya mfuko kama kiuno cha mcheza chakacha. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kutukumbusha.

Kikundi chetu hakikuwa na jina la maana. Ijumaa ni siku ya Waislamu, Jumapili ni ya Wakristo, basi tulikutana Jumamosi alasiri, watu wakatuita Watu wa Jumamosi. Tulianza kwa kuzoa taka nyuma ya soko dogo. Tukazibua mfereji. Kisha nikatenga kitalu cha miche uani kwangu, mikilifi, mivinje na mibambakofi michache, kwa mbegu tulizookota na pakiti za maziwa tulizoziosha. Mama Mumbua, mke wa Mutiso, alikuja na samadi kichwani akiimba nyimbo za kanisani, na wanawake wa Kidigo wakamwitikia bila kujua maneno. Nawaambia hayo ili muelewe tulikuwa watu wa namna gani sisi kwa sisi kabla ya yaliyotokea.

Mwaka ule tuliazimia kupanda miti kando ya njia ya zahanati. Njia ile ilianzia msikitini, ikapita mbele ya nyumba za watu wa bara, kisha ikapanda hadi zahanati, na haikuwa na kivuli hata cha kufunika kuku. Wajawazito walifika huko wakiwa wamezimia nusu. Mvua za vuli zilikuwa bado mbali, lakini kwenye mawe kama yale huwezi kungoja mvua ianze ndipo utafute mtaimbo. Shimo huchimbwa mapema, jua liliingie, lichome mchwa na magonjwa, kisha chini utandaze makumbi ya nazi yaliyolowekwa ili yashike maji. Mutiso alikata kijiti cha kipimo. Upana huu, urefu huu, kina hiki. Mwanangu Bakari na wenzake wakachimba Jumamosi kadhaa, mikono ikaota malengelenge, wakapasua mawe mpaka njia yote ikawa na mashimo huku na huku, yamenyooka kama mshono wa fundi. Tulijivuna sana. Watu walipita wakasema Mwenyezi Mungu awalipe.

Kisha habari za Likoni zikatufikia.

Ninyi mmezisikia kwa wazee wenu, sitaki kuzirudia zote. Watu waliuawa, vituo vya askari vilivamiwa, vibanda vya biashara vikachomwa moto. Ilisemekana wanaotafutwa ni watu wa bara, waondoke pwani. Upepo ulipogeuka tulisikia harufu ya vitu vilivyoungua, hatukujua ni Ukunda au ni karibu zaidi. Hotelini wageni walipandishwa mabasi na mizigo yao, wengine hata viatu vya ufukweni hawakubadilisha. Nilirudi nyumbani nikaona familia zikipita na magodoro kichwani, masufuria yakigongana, na hakuna aliyesema anakwenda wapi, kwa sababu hukujua anayekuuliza atakwenda kumwambia nani.

Kilichoniogopesha zaidi ni jinsi salamu zilivyokufa. Mtaani kwetu ulikuwa huwezi kununua kiberiti bila kuulizwa hali yako, hali ya wazee na hali ya mbuzi. Sasa watu walipishana wametazama chini. Jumamosi ilifika, hakuna aliyekuja. Nilimwagilia miche peke yangu kwa haraka, nikarudi ndani nikafunga mlango wakati wa mchana, jambo ambalo katika maisha yangu sikuwa nimelifanya.

Na mashimo yalikuwa wazi.

Sikuyafikiria kabisa mpaka asubuhi moja nilipomsikia muuza samaki akimuuliza jirani yangu mwingine kwa sauti ya chini, ni kweli yale ni makaburi? Nilitoka nikamwambia ni ya miti, naye akasema ndiyo, ndiyo, ya miti, huku akijitwika beseni lake harakaharaka. Kufikia adhuhuri maneno yalikuwa yameenea. Kwamba tuliyachimba mapema kwa sababu tulijua kinachokuja. Kwamba ndiyo maana yalipita mbele ya nyumba za wabara. Mtu akahesabu watu wa nyumba ya Mutiso na mashimo yaliyo mbele yake, akasema yamelingana.

Nilikwenda mpaka kwenye ua wa Mutiso. Mama Mumbua alikuwa ndani ya lango, amemshika binti yake bega. Mumbua alikuwa mdogo, ndiyo kwanza ameanza shule. Nilimsalimia mama yake, akaitikia. Nikamwambia, Mama Mumbua, wewe mwenyewe ulileta samadi. Alitazama shimo lililokuwa nje ya lango lake, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba mwanamke huyu niliyempakulia wali mara ngapi ananipima.

"Mama Bakari," akasema, "shimo la mti lina urefu gani? Na la mtoto lina urefu gani?"

Niligeuka nikalitazama lile shimo, na wallahi, kwa mara ya kwanza nami nikaliona alivyoliona yeye. Jioni ile walihamia kwenye uwanja wa kanisa pamoja na watu wengine wa bara, wakaacha kuku wao uani.

Siku ya pili yake askari walikuja. Walikuwa wakipekua mitaa yote wakitafuta vijana waliohusika, nao walikuwa wamepoteza wenzao, basi hawakuja kuzungumza. Walipoona njia yetu walisimamisha gari. Mmoja alishuka, akaingiza fimbo katika shimo, akayasogeza yale makumbi ya chini, akauliza ni kina nani waliochimba mahandaki haya, na kimefichwa nini. Watu walijifungia. Askari wakaanza kutoa vijana majumbani na kuwaambia wafunue viganja. Aliyekuwa na malengelenge aliwekwa upande mmoja.

Bakari alitoka mwenyewe kabla hawajaufikia mlango wetu. Nilimshika shati, akanibandua vidole polepole. Aliwaambia ni yeye aliyechimba, ni ya miti. Akafunua mikono. Walimpandisha garini pamoja na wenzake, na alipokuwa akipanda nilimwona amegeuka mtoto tena, ananitafuta kwa macho katikati ya vumbi.

Nilikwenda kituoni kwa miguu. Baba yake Bakari alikuwa amefariki zamani, na wanaume wa ukoo hawakuthubutu kukaribia pale, kwa kuwa mwanamume wa Kidigo aliyekwenda kituoni siku zile huenda asirudi. Nje palijaa akina mama kama mimi. Tulikaa chini. Hakuna aliyemwambia mwenzake mwanawe ana kosa gani. Ndani tulisikia sauti, na kila sauti tuliisikiliza wote, kila mmoja akijaribu kujua kama ni ya mwanawe, na ikishajulikana si ya mwanawe anaona aibu kwa nafuu aliyoipata.

Mwishowe nikaitwa mbele ya mkubwa wao. Alikuwa mtu wa bara, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimweleza yote, vuli, mawe, makumbi, zahanati. Alinisikiliza, nadhani alitaka hata kuniamini. Kisha akaniuliza, miti hiyo iko wapi? Nikasema iko uani kwangu. Akauliza, na hicho kikundi chenu cha dini zote na makabila yote, huyo wa bara hata mmoja wa kusema hivi unavyosema wewe yuko wapi? Nikasema wako kanisani. Akasema, "Wamekukimbia wewe." Nikatolewa nje.

Basi nikaenda kanisani. Sikieni, kilikuwa kipande kidogo tu cha njia, lakini sijawahi kwenda safari ndefu kama ile. Nilivaa buibui langu kama siku zote, na nilipolikaribia lango niliona watu waliokuwa wamekaa uwanjani wakisimama mmoja mmoja, akina mama wanawavuta watoto nyuma. Mimi, mtu wa ndoo na samadi, nimekuwa kitu cha kuogopwa. Nao wanaume waliosimama langoni walikuwa na marungu, nami niliwaogopa vilevile. Tulitazamana hivyo. Nikauliza kama naweza kumwona Baba Mumbua.

Mutiso alikuja mpaka langoni, hakutoka. Alikuwa hajanyoa, amejifunika shuka la kitanda mabegani. Nilimwambia Bakari amechukuliwa kwa sababu ya mashimo, na kwamba hawamtaki shahidi wa Kidigo. Sikumwomba. Nilikuwa nikijua ninachokitaka ni kitu gani: atoke uwanjani, apite mtaa mzima mchana, watu wote wamwone akiingia kituo cha askari. Wapo waliokuwa wakitazama nani anaingia kituoni na nani anatoka, na hatukuwajua kwa sura.

Mke wake alisimama nyuma yake. Alisema kwa Kikamba maneno machache, kisha akayasema kwa Kiswahili ili niyasikie. Alisema Bakari ni kijana mzuri, anampenda, na mumewe haendi.

Mutiso alisogea karibu zaidi na lango. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mama Bakari, mimi ndiye niliyekata kile kijiti cha kipimo. Na jana nimelala hapa nikiwaza, mbona nilipima vile? Hata mimi niliyeyapima nimeanza kuyaogopa."

Nikamwambia nami pia. Ndivyo tulivyosimama, yeye ndani ya lango na mimi nje, watu wawili waliomaliza miaka wakichimba pamoja, tunaogopa mashimo yetu wenyewe. Sijui kama ni maneno yale au ni nini. Alivua shuka, akampa mke wake, akatoka. Mama Mumbua hakulia wala hakumshika. Aligeuka tu akaingia kanisani, na Mutiso akasimama kidogo akimtazama mgongo kabla ya kunifuata.

Hatukutembea pamoja. Yeye alishauri nitangulie, ili tukishambuliwa isidhaniwe nimemteka, wala isidhaniwe namficha. Nilitangulia nikisikia viatu vyake nyuma. Madirisha yalikuwa yamefunguliwa nyufa. Mahali fulani viatu viliacha kusikika. Nilipogeuka nilimkuta amechutama kando ya shimo, ametia mkono ndani, anapima kina kwa kiganja chake kama alivyozoea. Alinyanyuka, tukaendelea.

Kituoni alizungumza kidogo kuliko mimi. Alimwambia yule mkubwa jina lake, kwao, kazi yake. Akasema kipimo ni chake, vijana walichimba alichowaambia. Yule mkubwa alimuuliza kwa upole kama ametishwa ili aje aseme hivyo. Mutiso akasema ndiyo, ametishwa sana, lakini si na mama huyu.

Hapo yule mkubwa akatoa shauri lake. Vijana wetu wataachiliwa watoke na Mutiso, lakini kabla jua halijatua hataki kuona shimo hata moja wazi katika njia ile. Tufukie au tupande, ni juu yetu, askari watasimama waangalie.

Mnajua, kufukia kungekuwa rahisi. Kupanda kiangazi juu ya mawe ni kinyume cha kila nilichowaambia. Lakini Bakari, aliposhuka garini, jicho moja limevimba na kiganja kimefungwa kitambaa, aliniambia, "Mama, tukiyafukia watasema kuna kitu ndani." Mutiso akatikisa kichwa kukubali. Tukapanda.

Sasa lisikieni somo, maana lilinunuliwa kwa bei ya hofu. Ukilazimika kupanda wakati wa jua, pukutisha majani, uache machache juu tu, mche usipate pa kupotezea maji. Askari mmoja kijana aliyetusimamia alipomwona Mutiso akinyofoa majani alidhani tunaiua kwa hila, akamwelekezea bunduki, na Mutiso akalazimika kumweleza kazi ya jani huku mikono iko juu. Kandokando ya mzizi chimbia chupa ya plastiki iliyotobolewa kitakoni, uijaze maji yavuje taratibu. Upande wa magharibi simika kipande cha kuti, jua la alasiri ndilo linaloua. Na samadi usiiweke mbichi.

Mwanzoni tulikuwa sisi na wale vijana tu. Ustadhi akatoka msikitini na ndoo ya maji ya udhu, akavua mfuko wa mche wa kwanza aliofikia na kuupanda. Kisha bibi mmoja akatoka na beseni. Kisha mwingine. Walitembea wakiangalia huku na huku, wanamwaga maji na kukimbilia ndani, wanajaza tena. Hakukuwa na wimbo. Nilisikia maji, mitaimbo, na redio ya askari ikikwaruza. Jua lilipozama hapakuwa na shimo lililo wazi katika njia ya zahanati, na sidhani kama yuko aliyefurahi. Tulichoka tu, na bado tuliogopa.

Sitawadanganya kwamba miti ile ilituokoa. Siku chache baadaye lori lilikuja kanisani, na Mutiso na familia yake wakapanda wakarudi Ukambani. Alikuja kuniaga upesi, akaniachia mkasi wake wa kupogolea. Mama Mumbua alikaa juu ya mizigo, uso umeelekea mbele. Nilimpungia, na sijui kama aliniona. Kuku wao niliwalisha mimi. Nyumba yao iliibiwa milango, na mpaka leo sijui ni nani, na huenda ni mtu ninayemsalimia.

Miche mingi ilikauka. Tulimwagilia kwa zamu, mimi na wanawake wawili watatu, asubuhi kabla watu hawajaamka, kwa sababu mtu aliyeonekana akishughulikia jambo lolote la pamoja aliulizwa maswali. Hoteli ikatuachisha kazi wengi kwa muda, maana wageni hawakuja. Bakari alikaa ndani. Mtu akibisha hodi, hata mtoto wa jirani, alihamia chumba cha nyuma.

Kisha mvua ikanyesha. Ninyi mnaoijua vuli ya kawaida hamwezi kuielewa mvua ile ya mwaka ule. Ilinyesha kama haijui kuacha, barabara zikakatika, vyoo vikadidimia, na ikabidi tena tuogope, safari hii maji. Mivinje mingine iling'olewa na mkondo. Lakini iliyobaki ilikunywa mpaka ikashiba. Jua liliporudi niliona majani mapya ya mkilifi, yale yenye wekundu kidogo, na sikuthubutu kumwambia mtu.

Mwaka mwingine ulikuwa umeanza, mchana, nipo kizingitini napepeta mchele, niliposikia mtaa umenyamaza ghafla. Nilidhani ni askari. Nikachungulia. Mama Mumbua alikuwa amesimama mwanzo wa njia ya zahanati, karibu na msikiti, kikapu mkononi, amemshika Mumbua mkono. Mutiso hakuwapo. Yeye aliyesema mumewe haendi ndiye aliyerudi kwanza, peke yake, na mtoto. Watu walikuwa milangoni, hakuna aliyejua amsalimie vipi. Niliweka ungo chini nikaenda. Njiani nilijiuliza nitamwambia nini.

Yeye ndiye aliyesema. "Nimekuja kuona kama ni miti."

Tukatembea. Nilimwonyesha mmoja mmoja. Huu umeshika. Huu umekufa, ameula mbuzi. Huu umechukuliwa na maji. Huu umeshika. Sikumficha iliyokufa. Alisimama kwa kila mmoja, na Mumbua akagusa majani ya ile iliyo hai, na mama yake hakumkataza. Watu walianza kuitikia shikamoo ya yule mtoto, kwanza kwa sauti ndogo, kisha vizuri. Tukafika langoni kwake, palipokuwa na nyumba isiyo na milango. Mche wa pale ulikuwa umekauka zamani, na maji yalikuwa yameufukia kabisa, pamekuwa bapa.

"Na huu?"

"Huu haukushika, Mama Mumbua. Samahani."

Alipatazama mahali pale. Kisha akaweka kikapu chini, akafunga leso yake kiunoni.

"Basi hili nitalichimba mwenyewe," akasema. "Niletee mtaimbo."

Nilikwenda nyumbani kuuchukua. Bakari alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Aliuvuta kutoka uvunguni, hakuwa ameugusa tangu siku ya kituoni, akaufuta kutu kwa kiganja, akanikabidhi. Akanifuata mpaka mlangoni. Hapo akasimama, mkono kwenye kizingiti, akamtazama Mama Mumbua akipiga jiwe la kwanza, wala hakutoka.